Kofi la Isonohama

Kisa hiki hakuna anayekijua kuliko mimi, maana nilikuwepo tangu mwanzo hadi mwisho. Haya, mwisho wenyewe sikuuona, nilikuwa kwenye foleni ya choo cha shule. Lakini niliusikia, na kwa mwisho kama ule masikio yanatosha.

Siku kiwanda cha ngisi cha Isonohama, huku kwetu pwani, kilipofungwa, Ligaya alirudi nyumbani na buti zake za mpira kwapani, akazipanga mlangoni zikitazama nje, akaingia jikoni kumpa mama mkwe habari. Mama mkwe, Bi Kikue, alikuwa anakwangua figili. Hakuinua uso.

"Nimeshasikia," alisema. "King'ora chenu hakikulia adhuhuri. Nimekaa na njaa mpaka saa nane nikidhani muda wa kula haujafika."

"Samahani, mama."

"Usiniombe radhi mimi, liombe tumbo. Sasa itakuwaje?"

"Binamu yangu yuko Nagoya. Anasema kiwanda cha taa za magari kinachukua watu."

Bi Kikue aliendelea kukwangua figili mpaka ikaisha, kisha akakwangua hewa kidogo.

Ligaya alitoka Iloilo, Ufilipino, miaka mingi nyuma, akaolewa na Shigeo, mtoto wa kiume wa Bi Kikue. Shigeo alikufa kwa moyo akitazama besiboli, timu yake ikiwa inaongoza, jambo ambalo mama yake hulitaja kila mara kama faraja. Tangu hapo wanawake hao wawili walibaki ndani ya nyumba moja, wakigombania rimoti na kukandana miguu. Fusae, binti wa Bi Kikue aliyeko Osaka, alikwisha sema wazi: siku Ligaya atakapoondoka, mama anapelekwa nyumba ya wazee, tena ya kisasa, yenye lifti. Bi Kikue alikuwa amepelekwa kuiona. Alikuta wazee wenzake wameketi duara wakirushiana puto. Alirudi hasemi na mtu, na kumnyamazisha Bi Kikue si kazi ndogo.

Basi mambo yalikuwa hapo: ama kazi ipatikane karibu, ama mmoja aende kwenye taa na mwingine kwenye puto.

Tangazo lilikuwa limebandikwa kwenye duka la ushirika, kati ya bei za mbolea na picha ya paka aliyepotea. Mji wa Kuwazawa, ule wa juu mlimani ukishavuka handaki, ulitafuta msaidizi wa mwalimu wa Kiingereza kwa shule zake za msingi. Kabla ya kuolewa, Ligaya alikuwa mwalimu kwao Iloilo, na Kiingereza ndicho alichofundisha. Cheti alikuwa nacho, kilikuwa kabatini chini ya mablanketi ya baridi. Alilisoma tangazo mpaka chini, kisha mabega yakamshuka.

"Nini tena?" Bi Kikue aliuliza. Alikuwa ameacha miwani nyumbani makusudi ili asomewe.

"Wanataka mgeni asiyejua Kijapani hata neno moja."

"Kwa nini? Wanataka kumsengenya?"

Mwenye duka akawaeleza. Msaidizi aliyetangulia, kijana wa New Zealand, mtu mwema sana, alijifunza Kijapani haraka kuliko ilivyotarajiwa. Watoto wakaona hakuna haja ya kujitesa. Alipoondoka, wao hawakujua Kiingereza, na yeye alikuwa ameshika matusi yote ya bonde. Mkuu wa ofisi ya elimu, Bwana Tsurumaki, mtu wa Tokyo huyo, mwenye mambo yake, akaapa kwamba safari hii anataka mtu ambaye ukimsalimia anakutazama tu.

"Ndiyo hivyo, mama," Ligaya alisema walipotoka. "Mimi Kijapani nakijua."

"Nani kakudanganya? Wewe unajua ninachosema mimi. Fungua televisheni uone kama kuna mtu anayeongea kama mimi. Kijapani hukijui hata kidogo, mwanangu. Twende tukatafute cheti."

Mafunzo yalianza jioni ile ile. Sheria ilikuwa moja: Ligaya akae kama samaki juu ya barafu, macho wazi, haelewi kitu. Bi Kikue akaketi mbele yake na kumweleza, kwa sauti ya taratibu kabisa, jinsi kuhani wa hekalu alivyoikalia keki ya harusi ya mpwa wake. Ligaya alivumilia mpaka kuhani alipoinuka kuhutubia.

"Umecheka."

"Sikucheka, mama."

"Mdomo haukucheka. Pua imecheka. Tunarudia."

Ilipofika siku ya usaili, aliweza kusikiliza habari ya kuhani, ya mganga wa meno na ya mbuzi wa Bi Otoku, zote kwa mkupuo, bila kupepesa.

"Wakikuuliza unakaa wapi?"

"Nimepanga chumba kwa bibi mmoja huko pwani. Hatuelewani."

"Hilo la pili ni kweli tupu."

Jambo moja tu Bi Kikue alisahau, na hakuna wa kumlaumu. Kila likizo ya kiangazi, asubuhi, mbele ya hekalu la Isonohama, watu wetu hufanya mazoezi ya viungo ya redio, yale yenye piano, ambayo kila mtu nchini huyajua kabla ya kung'oka meno ya utoto, na hayamtoki tena. Kiongozi wetu ni Bi Kikue, tangu akiwa na kiuno. Kiangazi kimoja cha zamani hizo, pale pa kuinama mbele na kuinuka, mbu alimwuma kwenye paja la kulia, naye akajipiga kofi, pa! Watoto waliokuwa wakimfuatisha wakajua ndivyo inavyotakiwa, nao wakajipiga. Kesho yake mbu hakuwepo, lakini watoto walipiga, na Bi Kikue akaona haya kusema, akapiga nao. Mpaka leo, Isonohama ukiinama unainuka na kofi. Nchi nzima hakuna wengine. Ligaya alikuwa amelipiga kiangazi baada ya kiangazi, na hakujua kwamba halimo kwenye redio.

Usaili ulifanyika kwenye ofisi ya elimu ya Kuwazawa. Bwana Tsurumaki alikuwa mtu mwembamba, tai imebana, sauti kama ya msoma habari. Pembeni yake aliketi Bwana Haga, mwalimu wa Kiingereza, aliyeletwa kutafsiri, jasho likimtoka ingawa dirisha lilikuwa wazi. Karani alipokea kadi ya ukaazi ya Ligaya. Kadi ile ilieleza kila kitu, lakini karani alitazama picha tu, akasifu nywele, akairudisha.

"Mwulize kama ana uzoefu," alisema Bwana Tsurumaki.

Haga alikunja vidole vya miguu ndani ya ndara za ofisi. Akamgeukia Ligaya, akasema kwa Kiingereza, polepole, kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe: "Wewe... mwalimu... jana?"

Ligaya akamjibu kwa Kiingereza kilichonyooka kwamba ndiyo, alifundisha shule ya msingi huko Iloilo, watoto wadogo kwanza na baadaye wakubwa, na kwamba alipenda kufundisha kwa nyimbo na maigizo kuliko kwa ubao.

Haga alisikiliza mpaka mwisho huku akitikisa kichwa kwa heshima. Kisha akamgeukia mkuu wake.

"Anasema ndiyo."

"Mbona kasema maneno mengi?"

"Ni lugha ndefu, mheshimiwa."

"Mwulize kama ataiweza baridi yetu."

"Theluji," Haga alimwambia Ligaya. "Wewe... sawa?"

Ligaya akaeleza kwamba anazo sweta nzuri na kwamba baridi haimsumbui.

"Anasema anauheshimu sana mlima wetu," Haga alitafsiri.

Bwana Tsurumaki aliridhika. Wakaanza kumjadili Ligaya akiwa hapo hapo, kama watu wanaonunua kabati.

"Mikono mikubwa kidogo," alisema karani.

"Itafaa kubebea masufuria ya chakula cha watoto," alisema Bwana Tsurumaki. "Angalieni uso huo. Hauonyeshi kitu. Wanangu, nimetembea sana, na kwetu Tokyo tumewaona wageni wa kila aina. Huyu ni mgeni halisi." Akainua kidole. "Tumjaribu mpaka siku ya michezo ya shule. Akifika siku hiyo bila neno la Kijapani kumtoka, napiga mhuri, na kazi ni yake kwa miaka. La kwanza likimtoka, kwaheri. Haga, mwambie."

Haga akafikiri sana.

"Wewe," alisema. "Nyamaza. Mpaka mbio."

Ligaya akainama kidogo, vibaya, kama mtu aliyeona kuinama kwenye sinema. Bi Kikue alikuwa amemfundisha hata hilo.

Na Ligaya aliiweza kazi. Watoto walimpenda. Aliwaimbisha, akawaigizia, akawafanya wauziane samaki wa karatasi kwa Kiingereza mpaka darasa likanuka soko. Kilichomchosha si kufundisha, ni kutoelewa. Kulikuwa na msichana mmoja wa darasa la tano, Chinami, ambaye aligundua mapema kwamba mbele ya mwalimu huyu unaweza kusema lolote.

"Nywele za mwalimu kama mwani uliotupwa ufukweni," alisema Chinami akiwa amesimama hatua moja kutoka kwenye pua yake.

"Lakini mwani mzuri," alisema mwenzake.

"Nimesema mbaya? Tena ana matako ya kuaminika. Kama yangu yangekuwa hivyo nisingeogopa baiskeli."

Ligaya akatazama ukutani, akamfikiria kuhani na keki.

Wakati wa chakula, Haga alijitwika kazi ya kumfundisha kushika vijiti. Alimwekea vidole kimoja kimoja, kwa upole, huku darasa zima likitazama. Ligaya, aliyekuwa akitoa mifupa ya dagaa kwa vijiti tangu Haga akiwa mwanafunzi, akaanza kudondosha maharage. Alidondosha kwa ustadi, moja kulia, moja kushoto, moja ndani ya mkono wa shati la Haga.

"Umedondosha leo?" Bi Kikue aliuliza jioni.

"Nimedondosha, mama."

"Mengi?"

"Watoto wamepiga makofi nilipopata moja."

"Hongera. Sasa shika vijiti vizuri unipe hicho kipande cha samaki, usiniletee uzungu hapa."

Ilikuwa siku ya samaki pia Bwana Tsurumaki alipokuja kukagua. Aliketi na watoto, akaletewa vibua vya kuchoma kama wengine. Watu wa Kuwazawa ni watu wa uyoga. Samaki humchokonoa kama wanatafuta pete iliyopotea. Bwana Tsurumaki alimbonyeza samaki mgongoni kwa vijiti, akamvunja mkia, akashika kichwa na kuvuta, na uti wote ukatoka mzima mpaka na miiba yake midogo. Ligaya akatazama. Huko kwetu watoto hujifunza hivyo gatini kabla ya kuanza shule. Lakini hakuwa na lugha ya kuuliza, akadondosha harage.

Aliyemchosha kuliko wote ni Haga. Mtu huyu alikuwa amepata kitu ambacho hajawahi kuwa nacho maishani: msikilizaji asiyeelewa. Wakisimama pamoja kwenye mashine ya fotokopi, alikuwa akimweleza kila kitu kwa Kijapani, akitabasamu na kuelekeza kidole kwenye karatasi, ili mtu wa mbali aone wanazungumzia masomo.

"Mwalimu Ligaya," alikuwa akisema, "mimi Kiingereza sikijui. Nilifaulu mtihani kwa kukariri, na kabla yako sijawahi kukiongea na Mzungu wala asiye Mzungu, hata yule wa New Zealand tulimalizana kwa Kijapani. Kila mzazi akirudi kutoka ng'ambo nasingizia tumbo." Mashine ikatoa karatasi. "Halafu yule muuguzi wa shule. Nimejikata kidole makusudi mara nyingi hata kalamu inaniuma. Yeye ananifunga bendeji tu."

"Ndiyo," Ligaya alisema kwa Kiingereza, kwa kuwa lazima mtu aseme kitu.

"Ahsante," alisema Haga. "Unanielewa sana."

Siku ya michezo ikakaribia. Siku za matayarisho Ligaya alikuwa kwenye shule nyingine ya bondeni, kwa hiyo hakuna aliyeona hatari. Bi Kikue alikuwa ameahidi asionekane kabisa Kuwazawa.

"Sitakuja," alisema, huku akifinyanga matonge ya wali ya kutosha kikosi cha zimamoto.

"Mama, hayo matonge yote ni ya nani?"

"Tunakwenda kutazama majani mekundu na jirani."

Jirani ni mimi. Nilikuwa na kigari changu cha kubebea kabichi. Majani hatukuyatazama.

Tulitandika mkeka wetu mbali, karibu na kamba ya bendera, katikati ya mababu na mabibi wa watu. Bi Kikue alijifunga kitambaa cha kichwa mpaka kwenye nyusi. Bwana Tsurumaki alikuwa jukwaani na wakubwa wenzake. Mkewe alikuwa chini ya mwavuli na chupa kubwa ya chai. Chinami alikuwa kwenye meza ya vipaza sauti, maana ndiye aliyepewa kazi ya kuweka muziki. Ligaya alisimama kwenye mstari wa walimu karibu na Haga. Alikuwa ameshaambiwa kwamba watu wataanza na mazoezi kidogo, naye akapanga vizuri kichwani: atamtazama Haga, atachelewa, atakosea, pa mkono wa kulia atainua wa kushoto. Baada ya hapo ni mbio, chakula, mhuri.

Piano ikaanza.

Mikono ya Ligaya ikapanda yenyewe. Watu wote uwanjani waliinua yao, watoto, wazazi, mabibi kwenye mikeka, mpaka askari wa barabarani nje ya geti. Ni Bwana Tsurumaki peke yake aliyebaki amefunga mikono mgongoni. Kila mwaka husema bega linamwuma. Ligaya alipokuja kugutuka alikuwa anazungusha mikono, visigino vimeinuka inavyotakiwa, na ni Haga aliyekuwa akimfuatisha yeye. Akajaribu kukosea. Mguu ukakataa. Unaweza kuuambia ulimi unyamaze, lakini piano ile haisemi na ulimi. Akainama mbele, akanesa, akainuka.

Pa!

Na kutoka kwenye mkeka karibu na kamba ya bendera: pa!

Uwanja mzima, makofi mawili tu, maana mimi mkono wangu wa kulia ulikuwa umeshika tonge. Hata ndege alihama waya.

"Mwalimu kaua mbu!" Chinami alisema, akasahau kwamba yuko kwenye kipaza sauti.

Kuinama huko hurudiwa. Ligaya aliuona mkono wake ukienda tena na hakuuwahi. Pa! Pa! Jukwaani, Bwana Tsurumaki aligeuza shingo kama mtu aliyeitwa kwa jina.

Muziki ulipokwisha, mimi nikaenda zangu chooni, kama kila mtu wa umri wangu baada ya kuinama sana. Yaliyofuata nilielezwa na Haga mwenyewe, ambaye siku hizi hawezi kuacha kusimulia.

Bwana Tsurumaki aliwavuta Ligaya na Haga nyuma ya hema la huduma ya kwanza.

"Haga. Mwulize kajifunzia wapi mazoezi haya."

"Wewe," Haga alisema kwa Kiingereza. "Mkono juu. Wapi?"

Ligaya akajibu kwamba aliyaona kwenye video.

"Anasema amenifuatisha mimi, mheshimiwa."

"Alikuwa mbele yako."

"Amenifuatisha kwa mbele."

"Na kofi je?" Sauti ya msoma habari ilikuwa imepanda kidogo. "Kofi lile halimo kwenye mazoezi ya redio. Kofi lile ni la Isonohama. Hupigwa mbele ya hekalu la Isonohama, paja la kulia, wakati wa kuinuka, na halipigwi popote pengine. Na mtu hawi nalo kwa kiangazi kimoja! Huyu kakaa huko miaka. Kijapani anakijua. Mhuri haupigwi."

Ligaya aliona taa za magari, moja baada ya nyingine, zikimjia kwenye mkanda wa kiwanda. Aliliona na puto. Akaona hakuna tena cha kulinda, akafungua mdomo, na Kijapani kikatoka, chote, cha gatini, cha wapasua ngisi, jinsi alivyokipokea kwa mama mkwe.

"Mheshimiwa, ni kweli nimekudanganya, nipige hata na kasia. Ila kazi naiweza. Watoto wale wananielewa kwa Kiingereza, kawaulize. Na nikiikosa kazi hii, yule bibi yangu wanakwenda kumtia kwenye nyumba ya kurushiana puto, na yeye puto hataki."

Haga aliweka mkono kwenye nguzo ya hema. Alikuwa anakumbuka mashine ya fotokopi, neno kwa neno.

"Nani anamgombeza mkwe wangu?"

Bi Kikue alitokea na kikapu cha matonge, kitambaa kimemshukia shingoni.

"Bibi, hii ni shughuli ya ofisi," alisema Bwana Tsurumaki.

"Nimekusikia, baba. Umesema kofi ni la Isonohama. Umesema kweli, nililianzisha mimi, na hatujawahi kuliandika mahali. Sasa nisaidie. Mtu wa Tokyo kalijuaje?"

Bwana Tsurumaki akarekebisha tai ambayo haikuwa na kosa.

"Niliambiwa."

"Na nani?"

"Mtu."

"Paja la kulia pia alikuambia?" Bi Kikue alianza kumzunguka, polepole, akimtazama kama anayechagua samaki. Akasimama kwenye sikio la kushoto. "Hee! Sikio hili. Hili ni sikio la Otatsu, aliyekuwa akianika ngisi karibu na gati. Alikuwa na kitoto, Masaru, kikija kwenye mazoezi na suruali ya dada yake. Wakahama. Kumbe uliolewa huku mlimani, ukachukua na jina la kwa mke! Umependeza lakini."

"Kuna watu wengi wanaofanana masikio, bibi."

"Wapo wengi. Ngoja nimwulize mkeo pale kwenye mwavuli, pengine yeye anajua masikio yako ni ya wapi."

"Haga!" alisema Bwana Tsurumaki. "Mkataba."

Haga akautoa kwenye faili. Meza haikuwepo, kwa hiyo aliinama, na Bwana Tsurumaki akautandaza mgongoni kwake, akatoa mhuri mfukoni, akaupuliza, akabonyeza mpaka Haga akaguna.

"Ofisi imechunguza," alisema, bila kumtazama mtu. "Nimemsikiliza mwalimu huyu kwa makini sasa hivi. Alichokisema hakikuwa Kijapani."

"Si nilikwambia?" Bi Kikue alimwambia Ligaya.

Haga alijinyoosha. "Mwalimu," alimnong'oneza Ligaya, rangi bado haijamrudia. "Yale ya kwenye mashine... ya Kiingereza changu... na ya muuguzi..."

"Yapi?" alisema Ligaya. "Mimi sijui Kijapani."

Sauti za watu zilikuwa zinasogea. Mke wa Bwana Tsurumaki alikuwa ameinuka na chupa yake ya chai, anakuja upande wa hema na kuuliza kulikoni. Bwana Tsurumaki akafunga kifungo cha koti, akavuta pumzi, na kwa sauti ya kutosha kumfikia mkewe na mwalimu mkuu akasema:

"Nashukuru kwa matonge, bibi, lakini umenifananisha. Mimi nimezaliwa Tokyo na kukulia Tokyo. Mambo ya makofi ya pwani siyajui hata kwa ndoto."

Kwenye meza ya vipaza sauti, Chinami alikuwa ameambiwa aweke wimbo wa mbio. Akabonyeza, na badala ya mbio ikarudi piano ile ile kutoka mwanzo. Watu wakacheka, lakini mikono yao ilikuwa imeshapanda. Nyuma ya hema ikapanda ya Haga, ikapanda ya Ligaya na ya Bi Kikue, na Bwana Tsurumaki, ambaye mhuri ulikuwa umemtua mzigo mzito kichwani, akasahau kwamba ana bega. Walizungusha, wakajipinda, hakuna aliyemtazama mwenzake. Mkewe alifika pembeni ya hema, akasimama na chupa ya chai, wakati wanainama. Wakainuka.

Hata sisi tuliokuwa kwenye foleni ya choo tulisikia vizuri kabisa. Makofi matatu.